Shajara ya mradi: kulitafuta jino nyuma ya pua inayotoa usaha upande mmoja

Shajara hii naiandika kwa ajili ya madaktari wa meno, madaktari wa masikio, pua na koo, na wauguzi wa hospitali za mikoa ambao wangependa kufanya kazi kama yetu bila kurudia makosa yetu. Mimi ni daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya rufaa ya mkoa kwenye pwani ya Tanzania. Matokeo ya utafiti sitayaweka humu kabla hayajahakikiwa. Nitakayoyaweka ni njia tuliyopita, mahali tulipojikwaa na fedha zilizotutoka. Habari za wagonjwa zimesimuliwa kwa ridhaa yao, na nimebadilisha yale yanayoweza kuwatambulisha.

8 Januari 2024: Swali letu

Mgonjwa tunayemtafuta anajulikana na kila mmoja wetu, ila kila idara inamjua nusu. Pua yake inatoa kamasi zito la njano au kijani upande mmoja tu, shavu la upande huohuo ni zito, na kabla ya kufika kwetu ameshameza dawa za mafua, za aleji na mizunguko mitatu au minne ya antibayotiki, kila mzunguko ukimpa nafuu ya wiki mbili kisha hali inarudi palepale. Daktari wa pua anamtazama puani, anakuta usaha, anatibu pua. Daktari wa meno hamwoni kabisa, kwa sababu mgonjwa hana jino linalouma.

Baina ya idara hizi mbili kuna mfupa ambao mahali pengine ni mwembamba kuliko ganda la yai. Sainasi ya shavu, yaani ule uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa taya la juu, kwa mtu mzima una ujazo wa takriban mililita 15. Sakafu yake ndiyo dari ya mizizi ya magego ya juu, na kwa baadhi ya watu kinachotenganisha ncha ya mzizi na uwazi huo ni utando peke yake. Tundu la kutolea uchafu haliko sakafuni, liko juu upande wa ndani, kwa hiyo usafi wote hutegemea vinyweleo vidogo vinavyosukuma ute kupanda. Jino likifa na kuoza kwenye ncha ya mzizi, usaha hupata njia ya kupanda sainasi, na vinyweleo hivyo hushindwa kazi. Jambo hili si geni: mwaka 1651 tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore, ambaye uwazi huu uliitwa kwa jina lake kwa muda mrefu, alieleza habari za mwanamke ambaye usaha wa sainasi yake ulipata njia ya kutoka baada ya kung'olewa chonge.

Makadirio ya zamani yalisema kati ya kila wagonjwa mia wenye maambukizi sugu ya sainasi ya shavu, ni 10 hadi 12 ambao ugonjwa wao unatokana na meno. Tafiti za baadaye zimefika hadi 40, na idadi hupanda zaidi ugonjwa unapokuwa wa upande mmoja. Makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2021 yanataka ugonjwa huu uthibitishwe na pande zote mbili: daktari wa pua athibitishe sainasi, daktari wa meno athibitishe jino. Sisi tunauliza jambo dogo lenye manufaa: kwa mtu mzima mwenye dalili za pua za upande mmoja zilizodumu wiki 12 au zaidi, uchunguzi wa meno kwa kipande cha barafu, kijiti cha kugonga jino na picha ndogo za eksirei unaweza kulitambua jino lenye kosa kwa kiasi gani, ukilinganishwa na picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande? Hospitali nyingi za mikoa zina vitu vile vitatu. CT wagonjwa wetu wengi huipata kwa kuuza kitu.

26 Februari 2024: Vibali

Andiko la utafiti lilipita kwenye kamati ya maadili baada ya marekebisho mawili. Rekebisho la kwanza lilikuwa la haki kabisa: hatukuwa tumeeleza ni nani atakayelipia matibabu ya jino tutakalolikuta bovu. Kumwambia mtu kwamba jino lake ndilo chanzo cha mateso ya mwaka mzima, kisha kumwacha nalo kwa kuwa fedha za utafiti zimeishia kwenye picha, si jambo la kutetea. Tuliongeza kifungu kwamba kila mshiriki atakayekutwa na jino bovu atang'olewa au kutibiwa mzizi (kusafishwa na kuzibwa ndani ya jino bila kuling'oa) bila malipo katika kliniki yetu, naye atachagua baada ya kuelezwa. Rekebisho la pili lilihusu utunzaji wa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuliandika kwamba majina yataondolewa kwenye kila kumbukumbu. Tuliandika kwa urahisi sana, kama nitakavyoeleza Septemba.

14 Machi 2024: Barafu na Ramadhani

Kupima uhai wa jino kwa baridi ni kipimo cha bei nafuu na cha kuaminika kikifanywa kwa uangalifu: jino lenye kiini hai, yaani ile nyama laini yenye fahamu iliyomo ndani yake, husikia baridi, jino lililokufa halisikii. Kwa kuwa dawa ya kupuliza ni ghali na hukatika mara kwa mara, tunatumia vijiti vya barafu. Unajaza maji safi kwenye vifuniko vya plastiki vya sindano, unavisimamisha kwenye kikombe, unavigandisha usiku kucha. Asubuhi ukikishika kifuniko kiganjani kwa sekunde chache, kijiti kinachomoka kizima.

Mafunzo ya wapimaji tulikuwa tumeyapanga wiki hii, kila mmoja ampime mwenzake, na hatukutazama kalenda: Ramadhani imeanza Jumanne na watano kati ya wapimaji saba wamefunga. Hakuna aliyelalamika, ila muuguzi mmoja mtu mzima alinijia pembeni na kuniambia kwa upole, "Daktari, maji ya barafu mdomoni saa tano asubuhi, nitajuaje kama sijameza?" Tumeahirisha mafunzo hadi baada ya Idi, na tumeongeza kwenye itifaki kwamba mgonjwa aliyefunga ataulizwa kwanza, naye akitaka kupimwa siku nyingine hatahesabiwa kuwa amekataa kushiriki. Muda huu tunautumia kwa tafsiri ya dodoso.

22 Aprili 2024: Barafu tena, na neno "harufu"

Mafunzo yamefanyika, na siku ya kwanza yalitupa somo. Tulichukua mtumishi mwenzetu ambaye gego lake la kwanza la juu lilikwishatibiwa mzizi, kwa hiyo halina kiini na haliwezi kusikia baridi. Wapimaji watatu kati ya saba waliandika kuwa liko hai. Sababu tuliiona tulipomlaza na kutazama kwa taa: kijiti kinayeyuka, tone linateleza hadi jino la nyuma yake lililo zima, jino hilo ndilo linaloshtuka, na mgonjwa anainua mkono.

Tangu hapo tunafanya hivi. Jino linakaushwa kwanza kwa pamba na kuzungushiwa pamba pande zote mbili. Tunaanza na jino la nyuma kabisa na kuja mbele, kwa sababu kwenye kiti kilicholazwa maji hukimbilia nyuma, na meno ya nyuma yatakuwa yamekwishapimwa. Kabla ya upande unaougua tunapima jino kama hilo upande mzima, ili mgonjwa ajue ni baridi ya namna gani anayosubiri. Kila jino linapimwa mara mbili, na majibu yakitofautiana tunaandika "haijulikani" bila kuona haya. Jino lenye kofia ya kauri tunaliacha kwa picha, maana barafu haisemi kitu juu yake. Kwa kuwa umeme hukatika, vijiti vinakaa kwenye kasha la baridi lenye vipande vya kugandisha kama linalobebea chanjo. Kasha, pamba na vikorokoro vyake vimegharimu Sh 95,000.

Sasa dodoso. Moja ya dalili zinazotofautisha ugonjwa huu na mafua ya kawaida ni harufu mbovu ambayo mgonjwa mwenyewe anaipata puani. Rasimu yetu ya kwanza iliuliza: "Je, una harufu mbaya puani?" Tuliijaribu kwa wagonjwa wanne wa kwanza, na wote wanne walisema hapana. Wa tatu wao alikuwa mama muuza dagaa, naye alijibu haraka huku akijifunika kinywa kwa ukingo wa kanga. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na usaha ulikuwa ukionekana puani bila hata kifaa. Nikamwambia, "Mama, samahani, tuache karatasi. Niambie tu unavyojisikia." Akatulia kidogo kisha akasema: "Mimi nauza dagaa, daktari, harufu ya dagaa naijua. Hii ninayoisikia usiku nikilalia ubavu wa kushoto si ya dagaa. Namuuliza mume wangu, anasema yeye haisikii."

Jibu lote tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa humo: ni ya upande mmoja, inabadilika kwa mlalo, anaisikia yeye na si mwenzake. Kosa lilikuwa letu. "Una harufu mbaya" kwa Kiswahili ni kumwambia mtu ananuka, na hakuna mtu mzima atakayelikubali hilo mbele ya watu watatu waliovaa makoti meupe. Watu wetu husema wanasikia harufu. Swali sasa linasomeka hivi: "Je, kuna wakati wewe mwenyewe unasikia harufu ya kuoza ambayo wenzako hawaisikii? Ukilalia upande gani inazidi?" Tuliwarudia wale wanne siku ileile kwa swali jipya, na watatu walisema ndiyo.

Kwa sababu hiyo tumepitia dodoso zima, sentensi kwa sentensi, tukiwa na wauguzi wawili na mhudumu wa mapokezi ambaye Kiswahili chake kimekomaa kuliko chetu sote. "Msongamano wa pua" umekuwa "pua kuziba". "Utokaji wa majimaji upande mmoja" umekuwa "kamasi linatoka tundu moja au yote mawili?" Neno "mafua" tumeliondoa kabisa, kwa kuwa linabeba kila kitu kuanzia kupiga chafya kwa vumbi hadi homa. Kuchapa na kuchapa upya kumetugharimu Sh 310,000, na naona ndizo fedha tulizozitumia vizuri kuliko zote.

20 Mei 2024: Swali lililojificha

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, na naomba msomaji anayetaka kunakili dodoso letu asome hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Dodoso tuliliingiza kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu tuliyoitumia bila malipo, na kulipakia kwenye vishikwambi viwili tulivyovinunua kwa jumla ya Sh 560,000. Ili wapimaji wasichoke, tuliweka kanuni za kuruka maswali: asiye na ujauzito aruke maswali ya ujauzito, asiyevuta sigara aruke idadi ya sigara. Ni mambo ya kawaida na yanafanya kazi vizuri. Na kwa mkono uleule, mmoja wetu, nami nikakagua na kupitisha, aliweka kwamba mgonjwa akijibu "hapana" kwenye swali la "Je, una jino linalouma?", sehemu nzima ya meno irukwe.

Wagonjwa 16 wa majaribio ya awali walipita hivyo. Jumatatu nilipofungua takwimu niliona safu za meno ni tupu kwa watu 11. Kwanza nilidhani ni mtandao uliokatika wakati wa kutuma. Nilifungua fomu moja, ya mzee mmoja mvuvi, nikaisoma tangu mwanzo kana kwamba mimi ndiye yeye. Kamasi: ndiyo, kulia. Harufu: ndiyo. Muda: miezi kumi. Jino linalouma: hapana. Halafu skrini ikaruka moja kwa moja hadi "Asante kwa kushiriki."

Nilikaa na kishikwambi hicho mkononi kwa muda. Jino lililokufa haliumi. Kiini kikifa, mshipa wa fahamu uliomo hufa nacho, na usaha ukishapata njia ya kupandia sainasi, hakuna tena shinikizo kwenye mfupa linaloleta yale maumivu ya kupiga kama nyundo ambayo humfanya mtu aamke usiku amtafute daktari wa meno. Kwa sababu hiyohiyo wagonjwa hawa hawafiki kwetu, na tuliandika andiko la kurasa nyingi kusema hivyo. Kisha tukatengeneza fomu iliyowatoa nje palepale mlangoni, tukawaambia asante.

Naamini kosa hili halikutokana na haraka peke yake. Kila mmoja wetu amefundishwa kwamba jino ni suala la maumivu. Mgonjwa asiyelalamikia jino hana jino. Mazoea hayo ndiyo yaliyoigawa pua na taya katika vyumba viwili vya hospitali, na tuliyabeba hadi ndani ya fomu iliyokusudiwa kuyaondoa. Marekebisho ya fomu yalichukua dakika mbili. Kuwarudisha watu kulichukua wiki mbili: tuliwapigia simu wote 11, tisa walikuja, wawili simu zao hazikupatikana hadi leo. Nauli ya waliorudi ilikuwa Sh 90,000 na vocha Sh 6,000. Mzee mvuvi alikuja na boti ya alfajiri. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kumsumbua mara mbili, akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Bora umeniita, wengine hawaiti." Gego lake la kwanza la juu kulia lilikuwa na kijazo kikubwa cha miaka mingi, lilikuwa limegeuka rangi, halikusikia barafu mara zote mbili, na nilipoligonga kwa kijiti alisema linasikika tofauti na mengine, "kama ubao uliooza."

Kanuni mpya iko juu ya ukurasa wa kwanza wa itifaki: meno yote ya juu, kuanzia chonge hadi gego la mwisho, pande zote mbili, yatapimwa kwa kila mgonjwa, liume lisiume. Vilevile tumeweka kwamba hakuna fomu itakayoanza kutumika kabla ya mtu mmoja kuijaza kwa majibu ya mgonjwa wa kubuni ambaye ndiye hasa anayetafutwa.

17 Juni 2024: Kulia kwa nani?

Ukusanyaji kamili umeanza tarehe 3. Katika ugonjwa wa upande mmoja, upande ndio kila kitu, na fomu 7 za wiki mbili za kwanza zinapingana zenyewe: pua kushoto, jino kulia. Kumbe muuguzi anayeandika sehemu ya pua huandika upande kama anavyouona akiwa amemkabili mgonjwa, na sisi wa meno, tulivyozoea namba zetu ambazo gego la kwanza la juu kulia kwa mgonjwa ni 16 na la kushoto ni 26, huandika upande wa mgonjwa.

Fomu nne tulizisahihisha kwa kutazama picha za eksirei zilizokuwa na alama ya upande. Tatu zilibaki. Mgonjwa mmoja kwa nia njema alijipiga picha akigusa shavu lake na kututumia kwa simu, lakini kamera ya mbele ya simu yake hugeuza picha kama kioo, kwa hiyo tulirudi tulipoanzia. Aliyetuokoa ni mhudumu wa mapokezi, ambaye aliwapigia na kuuliza: "Ni shavu la upande wa mkono unaokulia chakula, au ule mwingine?" Jibu lilikuja mara moja, na hakuna aliyesita. Swali hilo sasa limo kwenye fomu kwa maneno hayohayo, na mgonjwa anagusa shavu lake mwenyewe kwa kidole kabla mtu yeyote hajaandika neno.

9 Julai 2024: Mgonjwa tuliyemchelewesha

Mwanaume mmoja alikuja na kamasi la upande mmoja, akaingizwa kwenye utafiti, akapangiwa picha wiki iliyofuata. Kwenye swali la 31, chini ya "dalili nyingine", mpimaji alikuwa ameandika kwa usahihi kabisa: ganzi shavuni, damu kidogo puani. Hakuna aliyeisoma fomu ile hadi kikao cha kila wiki, siku sita baadaye.

Ganzi ya shavu, damu ya upande mmoja, meno yanayolegea bila sababu, uvimbe unaokua shavuni au kaakaani, jicho linalotokeza au kuona vitu viwiliviwili: dalili hizi hazisubiri utafiti, kwa sababu zinaweza kuwa za saratani ya sainasi au ya taya, na kila siku ina thamani. Tulimpigia jioni ileile, kesho yake alionwa na daktari wa pua, na ndani ya siku mbili alipelekwa hospitali ya kanda kwa kuchukuliwa kinyama cha kupima. Nilimweleza kwamba siku sita zile zilikuwa kosa letu. Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru kuambiwa.

Maswali hayo matano sasa yapo mwanzo kabisa, kabla hata ya ridhaa ya utafiti, na yanaulizwa na yeyote anayempokea mgonjwa. "Ndiyo" moja tu inamtoa kwenye utafiti na kumwingiza kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Skrini inageuka nyekundu na haiendelei. Kati ya mabadiliko yote tuliyoyafanya, hili ndilo ninalowaomba wanaotufuata wasilipuuze hata kama wataacha mengine yote.

2 Septemba 2024: Picha

Tumefikisha wagonjwa 24 na picha za CT 24, kila moja Sh 250,000. Picha tatu za kwanza hazifai kwa ulinganisho. Fundi alifuata utaratibu wake wa kila siku wa picha za sainasi, ambao unaanzia usawa wa kaakaa na kwenda juu. Mizizi ya meno ilikatwa nje. Hakukosea, sisi ndio hatukumwandikia. Hatukurudia picha hizo, kwa kuwa kumwongezea mgonjwa mionzi kwa sababu ya uzembe wetu hakukubaliki, kwa hiyo wagonjwa watatu wametibiwa kama wengine lakini hawatahesabiwa. Hasara ya Sh 750,000 imetokana na sentensi moja tuliyokosa kuiandika, ambayo sasa iko kwenye kila ombi: "Anzia chini ya vichwa vya meno ya juu, panda hadi juu ya sainasi za paji la uso, na tengeneza vipande vyembamba vinavyoonyesha mizizi."

Ripoti za awali za picha nazo zilitufunza kitu. Zilieleza sainasi kwa makini, utando ulionenepa, tundu lililoziba, na juu ya meno hazikusema lolote, wala kwamba ni mazima wala kwamba ni mabovu. Msomaji wa picha hakuulizwa. Tuliketi naye tukakubaliana fomu fupi: kila jino kutoka chonge hadi gego la mwisho, ncha ya mzizi ina kivuli cheusi au haina, sakafu ya sainasi juu yake ni nzima au imekatika. Mimi na yeye tulisoma picha 10 kila mtu peke yake kabla ya fomu hiyo, tukatofautiana kwenye nne. Tofauti nyingi zilitokana na kijazo cha chuma kinachotupa miale juu ya picha, na mzizi wa upande wa kaakaa ambao mimi niliutazama na yeye hakuwa na mazoea nao. Tutasoma upya zote 21, bila majina na kwa mpangilio uliochanganywa.

Kwenye picha ndogo za meno tatizo lilikuwa jingine: kivuli cha mfupa wa shavu huangukia moja kwa moja juu ya mizizi ya magego ya juu na kuifunika. Picha moja ya jino moja haitoshi. Tunapiga mbili, ya pili ikiwa imesogezwa pembeni kidogo, na mizizi inachomoza nje ya kivuli. Tumepiga 61 kwa jumla, kila moja Sh 8,000.

Na majina. Tulikuwa tumefuta jina kwenye kila faili na kuweka namba, tukaridhika. Nilipofungua picha moja kumwonyesha mwenzangu, jina kamili la mgonjwa na mwaka wake wa kuzaliwa vilikuwa kwenye kona ya juu, vimechapwa ndani ya picha yenyewe, na zaidi ya hapo vilikuwa pia kwenye taarifa za ndani za faili ambazo programu ya kusomea huzionyesha kwa kubonyeza mara moja. Kazi ilisimama siku mbili. Tulikata kingo za kila picha, tukasafisha taarifa za ndani, na mtu ambaye hakuhusika alizifungua zote moja moja kuthibitisha. Diski za awali zimefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Tuliiandikia kamati ya maadili barua ya kueleza lililotokea, ingawa hakuna picha iliyotoka nje ya chumba.

14 Oktoba 2024: Fedha, na tulipofikia

Hadi leo tumetumia Sh 8,189,000. CT peke yake ni Sh 6,000,000, picha ndogo Sh 488,000, vishikwambi Sh 560,000, uchapishaji Sh 310,000, barafu na pamba Sh 95,000, nauli za wagonjwa wa majaribio Sh 160,000 na za wagonjwa wa utafiti kwa ziara mbili Sh 480,000, na kuwarudisha wale wa fomu iliyoruka Sh 96,000. Anayetaka kuanza bila CT anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii ya uchunguzi kwa chini ya Sh 2,200,000, lakini hatakuwa na kitu cha kulinganishia.

Waliokutwa na jino lenye kosa wamelitibu, wengi kwa kung'oa na wachache kwa kutibu mzizi. Wale waliong'olewa magego yaliyogusa sakafu ya sainasi walielekezwa wasipenge kwa nguvu na wakipiga chafya waache mdomo wazi kwa wiki mbili, ili tundu lisifunguke kati ya kinywa na sainasi. Maelekezo hayo tunayatoa kwa mdomo na kwa karatasi, na anayemsindikiza mgonjwa anasomewa pia.

Ziara ya miezi mitatu baada ya matibabu imeanza. Dodoso lake lina maswali manane tu, na la kwanza ni lile la harufu, kwa maneno yaleyale. Mama muuza dagaa amekwisha kuja, ingawa yeye ni wa kundi la majaribio na hatahesabiwa, aliketi, akalalia ubavu wa kushoto kwenye kitanda cha uchunguzi bila kuombwa, akavuta pumzi, akasema, "Naisikia dawa yenu ya kusafishia sakafu tu." Wamebaki wagonjwa 13 wa kuonwa kabla ya mwisho wa Novemba, na usomaji wa pili wa picha unaanza Jumatatu.